Daftari la Ndoa, Tandahimba

Mnada wa kwanza wa korosho ukishapita
foleni huanza mapema mlangoni pangu.
Kanzu zina mikunjo ya dukani bado,
pikipiki hazijavuliwa nailoni za viti,
na noti zinanukia gunia.
Sheikh anafungisha, mimi ni karani.
Nauliza jina, jina la baba,
mashahidi wawili, mahari taslimu au ahadi.
Naandika.

Machi wanarudi.
Pikipiki imeuzwa, au imeondoka na mwingine,
na mapenzi, wanasema, yalitoa malipo ya kwanza,
ya pili hayakuja.
Navuta daftari lile jingine.
Zamani lilikuwa jembamba, siku hizi
yakilazwa pamoja huwezi kuyatofautisha kwa unene.
Naandika. Mkono ni uleule.

"Wewe Mkwinda," aliniambia Chitanda, fundi cherehani,
pale kwenye kahawa, watu wamejaa,
"unayaona yote hayo, na bado
unayachora majina yao kama unanakili msahafu?
Andika kwa penseli, bwana.
Utapunguza gharama ya daftari la pili."
Wakacheka. Nami nikacheka,
kahawa ikanipalia.

Lakini penseli sikununua.
Anayewaandika watu kwa penseli
amewaachanisha kabla hawajaoana.

Sijui mengi. Najua mkorosho unavyochanua Julai,
maua madogo, yasiyo na fahari yoyote,
na mengi hupukutika. Mengi sana.
Wenye mashamba hawakai chini kulia.
Wanafunga vitambaa puani, mashine mgongoni,
wanapuliza salfa alfajiri kabla upepo haujaamka,
wanarudi nyumbani kope za manjano, kikohozi kifuani,
kwa ajili ya ua ambalo labda.
Hakuna anayewaita wajinga.

Na mimi? Ukurasa wa arobaini na moja.
Mwanahawa, na jina langu ubavuni mwake,
wino umegeuka rangi ya chai.
Siku alipokwenda Nachingwea asirudi
nilimwomba kijana wa ofisi ya jirani
aandike kwenye lile daftari jingine.
Mkono wangu ulikataa.
Sikumlaani. Nilimpenda kweli miaka sita,
na kweli haigeuki uongo kwa sababu imekwisha.

Sasa sikiliza.
Aprili hii, mvua imekula barabara,
hakuna mwenye hata mia mfukoni,
wakaingia wawili waliolowa: Hashimu Likwembe
na Somoe binti Nachundu.
Nawajua. Miaka tisa iliyopita
niliwaandika upande wa talaka.
Hashimu ameota mvi, Somoe amepungua jino la mbele,
na kila mmoja anamtazama mwenzake
kama mtu anayesoma barua aliyoiandika mwenyewe zamani
akashangaa mwandiko.

Nikauliza, "Mahari?"
Somoe akajibu kabla ya mwanamume:
"Ndoo ishirini za maji. Kiangazi. Kutoka bondeni.
Abebe mwenyewe, kichwani, si kwa baiskeli,
watu wamwone."
Nikamtazama Hashimu. Akameza mate.
"Ishirini," akasema.

Taslimu au ahadi?
Ahadi.
Nikalijaza neno hilo polepole, herufi kwa herufi,
kalamu mpya, wino mweusi.
Mwaka mzima sikuandika neno zuri kuliko lile.

Agosti mchanga ulikuwa unachoma miguu.
Nilikuwa kwenye kahawa Hashimu alipopita,
shingo imekaza, ngata imekaa upande,
maji yanamchuruzikia sikioni,
watoto nyuma yake wanapiga makofi.
"Ya kumi na moja hiyo," nikasema.

"Ya kumi na mbili," akasema Chitanda,
bila kuinua macho kwenye cherehani.
"Jana jioni ulikuwa umeshakwenda kuswali."